Arua Ipi? Uhakiki wa Usanifu wa Kujirejelea katika Mfumo wa DHIS2

Usanifu wa kujirejelea huuwezesha mfumo wa kompyuta kubeba maelezo ya umbo lake wenyewe, kuyasoma na kuyabadilisha bila programu kuandikwa upya. Brian Cantwell Smith aliijengea dhana hii msingi wa kinadharia katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1982. DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Uganda kukusanya takwimu za afya, unatekeleza sehemu ya dhana hiyo. Wilaya, vituo vya afya na vipengele vya fomu havikufungwa ndani ya msimbo. Vimehifadhiwa kama metadata, yaani data zinazoeleza data nyingine. Afisa mwenye idhini akizibadilisha, ripoti nazo hubadilika.

Ubora huo unaonekana wazi West Nile, ambako mipaka ya utawala haikai mahali pamoja. Koboko ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005 na Madi-Okollo mwaka 2019. Mwaka 2020 ikafuata Terego, na Arua yenyewe ikawa jiji. Mfumo unaomngoja mwanaprogramu kila mpaka unapohama ungepitwa na wakati mapema.

Hata hivyo, kujirejelea huko kuna upungufu: DHIS2 hujumlisha takwimu kwa kufuata ngazi za utawala zilivyo sasa. Kituo cha Rhino Camp kikihamishwa katika mfumo kutoka Arua hadi Madi-Okollo, takwimu zake za mwaka 2015 huhesabiwa chini ya wilaya ambayo mwaka huo haikuwapo. Jumla ya Arua ya 2015 hupungua, ilhali hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepungua.

Kwa mtazamo wa semantiki, jina limebaki lilelile na kirejelewa kimebadilika. Mshauri wa sera anayelinganisha ripoti iliyochapishwa mwaka 2015 na jedwali lililotolewa leo analinganisha Arua mbili, na kwa kosa hilo dawa na wahudumu wanaweza kupangiwa mahali pasipostahili.

Inaweza kutetewa kwamba utaratibu huu huipa wilaya mpya historia ya kupangia. Hoja hiyo ina uzito: kumbukumbu za Koboko za kabla ya 2005 zilizojumlishwa kwa jina la Arua haziwezi tena kutenganishwa. Lakini manufaa hayo hayahitaji mabadiliko yafichwe. Mfumo unaojua ulivyo leo bila kukumbuka ulivyokuwa jana umejirejelea nusu.

Inapendekezwa, basi, kwamba kila badiliko la mpaka lihifadhiwe pamoja na tarehe yake, na kila jedwali litaje limetumia mipaka ya mwaka gani. Hadi hapo, swali la kwanza la msomaji wa takwimu za West Nile libaki: Arua ipi?