Dungu la Ngorongo na penseli ya Slade

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sanaa karatasi na penseli, msimamishe mbele ya dungu, kibanda cha kulindia mazao kilichoinuliwa juu ya nguzo, kwenye bonde la mpunga Ngorongo, Rufiji, mwambie achore. Mara nyingi nguzo nne zitatoka na urefu mmoja, na zote zitasimama kwenye mstari mmoja wa chini. Mkono wake hauna kosa. Anajua kwamba aliyejenga dungu alikata nguzo zinazolingana, basi anachora anachokijua. Angelitazama vizuri angeona nguzo za nyuma zinaanzia juu zaidi kwenye karatasi kuliko za mbele. Na kwa kuwa sakafu ya dungu iko juu ya kichwa chake, kingo zinazokwenda nyuma zinateremka, huku mistari ya ardhini ikipanda. Pande zote mbili zinaelekea usawa wa macho yake.

Ipo dawa ya kale ya ugonjwa huu, na shule ya sanaa ya Slade ya London iliifanya karibu ibada alipoingia profesa William Coldstream mwaka 1949. Unanyoosha mkono wote, unafumba jicho moja, unashika penseli wima na kutelezesha kidole gumba hadi ncha na ukucha vibane kipimo kimoja, tuseme kutoka ardhini hadi sakafuni mwa dungu. Kisha unauliza: kipimo hiki kinaingia mara ngapi kwenye upana wa paa? Kiwiko kikikunjika kidogo tu, kipimo kimebadilika na mchoro mzima unapotoka, ndiyo maana walimu wanakikemea kiwiko kuliko wanavyoukemea mstari mbaya. Coldstream mwenyewe aliacha alama ndogo za vipimo zionekane juu ya picha zake zilizokamilika. Wengine huona ni majivuno. Mimi naona ni uungwana, kwa sababu mtazamaji anaachiwa hesabu aikague.

Katika shule hiyo alipita Mtanzania. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisoma Slade kuanzia 1952 hadi 1955, akiwa tayari amehitimu na kufundisha chuo cha Makerere. Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ambayo baadaye ilinunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York. Atakayetafuta kiwiko cha Coldstream kwenye kazi za Ntiro atachoka bure. Watu ni wadogo na wengi, ardhi imesimama kama ukuta, na vitu vya mbali havipungui kwa kanuni yoyote ya Ulaya. Ni vijiji vya Kilimanjaro vilivyokumbukwa.

Kumbukumbu hiyo nayo ilikuwa na ufundi wake, na aliyeufundisha ni Margaret Trowell, aliyeanza madarasa ya sanaa Makerere mwaka 1937. Trowell naye alitoka Slade, tena enzi za Henry Tonks, daktari wa upasuaji aliyegeuka mwalimu wa kuchora na kuwadai wanafunzi waujue mfupa kabla ya ngozi. Kwa hiyo aliyajua masuala ya vipimo. Aliyaweka kando kwa makusudi. Alifuata njia ya Marion Richardson, mwalimu wa Uingereza. Mwalimu anasimulia tukio kwa maneno, wanafunzi wanafumba macho na kusikiliza, kila mmoja anangoja picha imjie kichwani, ndipo anashika brashi. Hakuna kitu mezani cha kunakili.

Kiufundi njia hii inazaa jambo ambalo penseli ya mkono ulionyooka haizai kamwe: mpangilio. Anayechora hadithi aliyoisikia anaamua mwenyewe nani awe mkubwa, nani awe pembeni, na karatasi inajaa hadi ukingoni. Anayepima huanza na kitu kimoja, na mara nyingi kitu hicho hubaki peke yake katikati ya weupe. Udhaifu wa Trowell, kwa maoni yangu, ni hofu. Alihofia kwamba mafunzo ya Kizungu yangeua jicho la Kiafrika, akawakinga wanafunzi na kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa nacho mkononi. Alipostaafu mwaka 1958, Cecil Todd akashika nafasi yake na kuleta anatomia, nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya. Gurudumu likageuzwa ghafla, kana kwamba lazima mtu achague upande.

Ntiro ndiye anayeijibu hofu ile. Miaka mitatu kwenye ngome ya vipimo haikumwondolea Machame kichwani. Ni rahisi kusema hakuyaelewa mafunzo. Kwangu inaingia akilini zaidi kwamba aliyapata akaamua hayamfai kwa kazi aliyotaka. Uamuzi huo una uzito kwa mtu mwenye njia zote mbili. Kwa asiyejua kupima, nguzo nne zilizolingana si mtindo, ni kutoona.

Ningekuwa napanga somo la mwaka wa tatu, ningelitoa darasa bondeni na kulishusha hadi delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, kwenye eneo kubwa kabisa la mikoko katika pwani ya Tanzania. Mizizi ya mkoko inashuka kutoka shinani kama matao yanayopishana, na atakayechora mzizi mmoja mmoja atapotea kabla hajafika wa tano. Hapo hauchorwi mti. Zinachorwa nafasi tupu zilizo kati ya mizizi, kwa sababu nafasi haina jina na akili haina ilichokariri juu yake. Pembetatu hii, kisha ile iliyobanwa pembeni yake, kisha ile ndefu inayoishia kwenye tope. Mizizi inajitokeza yenyewe.

Tatizo ni maji. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na matao ya chini yanafunikwa mapema. Mchoraji anapaswa kupima haraka nafasi tatu au nne za chini, zile zinazobeba mti wote, aweke alama zake kama Coldstream, kisha mtumbwi aliokalia ukianza kuinuka amalizie kwa kumbukumbu, yaani kwa somo la Trowell. Mwalimu akitaka kujua nani amefika ngazi ya juu, atazame pale alama za vipimo zinapokoma, aone kama mstari umebadilika tabia.