Grisi Isiyopitisha Umeme

Betri ya gari ina volti 12 tu, lakini koili huzikuza zikapita 20,000 kabla hazijafika kwenye plagi. Umeme wa nguvu hiyo hautaki kusumbuka. Ukikuta unyevu, vumbi la chumvi au ufa kwenye mpira, unakatiza hapo hapo na kuingia kwenye chuma cha injini, na silinda inabaki bila cheche. Dereva anasema gari linamisi. Ninayetaka kumsifu hapa ni fundi anayebadilisha waya za plagi akiwa na tyubu ya grisi ya silikoni pembeni, grisi ambayo sifa yake kubwa ni kukataa kupitisha umeme.

Chukua Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE. Plagi zake nne zimezama ndani ya mashimo marefu juu ya injini, na kila waya unashuka humo na kofia ndefu ya mpira. Hakuna shida mpaka kijana wa kuosha magari aelekeze maji ya presha kwenye injini ili ing'ae. Maji yanatuama shimoni, hayana pa kutokea. Kwenye tambarare unaweza kuvumilia mtetemo. Mlimani gari linaishiwa nguvu. Ukikanyaga mafuta, hewa na petroli hushindiliwa zaidi ndani ya silinda, cheche ikapata taabu kuvuka pengo la plagi, na ile njia ya nje iliyolowa ikawa nyepesi kuliko ya ndani. Ukiichomoa plagi hiyo baadaye, utaona mstari mweusi mwembamba umeshuka kwenye kauri nyeupe. Hapo ndipo umeme ulipokuwa ukitoroka.

Fundi makini haanzi na spana. Anapuliza mashimo kwa kompresa kwanza, mchanga usije ukadondokea ndani ya silinda. Anabadilisha waya mmoja mmoja, maana injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukichanganya waya mbili tu itakohoa au itagoma kabisa. Anaishika kofia, anaizungusha kidogo, ndipo anavuta. Wanaovuta waya wenyewe hukata uzi wa kaboni uliomo ndani halafu wakasingizia duka la spea.

Sasa grisi. Kiasi cha punje ya harage kinatosha. Anakipaka kwa kijiti cha plastiki ndani ya mdomo wa kofia, akizungusha hadi ukuta wote wa mpira uwe na utando mwembamba, kisha anaisukuma kofia juu ya kauri. Mara nyingi inarudi nyuma yenyewe, kwa sababu hewa imenaswa ndani. Asiyejua anasukuma kwa hasira. Anayejua anapitisha kijiti chembamba pembeni, hewa inatoka, anachomoa kijiti, na kofia inakaa kwa mlio mdogo wa chuma kushika chuma. Ukiusikia mlio huo huhitaji kuuliza zaidi.

Wapo wanaoiogopa grisi hii: kama haipitishi umeme, si itaziba? Haizibi, kwa sababu kibanio kilicho ndani ya kofia hukibana kichwa cha plagi na kuisukuma grisi kando. Kazi yake ni kukaa pale ambapo maji yangekaa. Cha kuogopa ni grisi ya beringi, ambayo mafuta yake huvimbisha mpira, au ile yenye unga wa shaba, ambayo inaufungulia umeme njia ya kutorokea.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba nusu ya faida yake anaipata mtu mwingine. Kwa joto la injini, mpira mkavu hugandana na kauri, na miaka kadhaa baadaye kofia hutoka vipande vipande. Iliyopakwa huteleza ikatoka nzima, mikononi mwa fundi ambaye huenda hamjui aliyeipaka.

Injini kama 1NZ-FE zimeachana na waya hizi. Kila plagi ina koili yake juu. Hata hivyo koili hizo nazo hushuka shimoni kwa kofia za mpira, na tyubu ileile inazifaa. Mwenye gari akihoji kwa nini imeingia kwenye bili, mpe ashike kofia kuukuu iliyochanika, aone mwenyewe.