Hongereni, Madereva wa Safari za Shule

Wanafunzi wa Bungoma wakienda kuliona bwawa la Turkwel, basi huondoka kungali giza. Husimama Webuye watoto waone mto Nzoia ukiporomoka Nabuyole, kisha hupita Kitale na kupanda hadi Kapenguria.

Kazi yenyewe huanzia Kamatira. Dereva hushusha giya kabla ya mteremko, injini ndiyo ilizuie basi. Anayetegemea breki pekee huzichoma. Utingo huchungulia dirishani kila kona, akigonga bodi mara mbili njia ikiwa wazi.

Baada ya Ortum, milima ya Marich huibana barabara. Nimemwona dereva akipunguza mwendo hapo bila kuombwa, hata aliyekaa kiti cha nyuma apate kuutazama mto wa hapo. Mbele kabisa, ukuta wa Turkwel, mita 153, uliojengwa kati ya 1986 na 1991, umeziba korongo. Watoto wanapokimbilia ukingoni na walimu wao, dereva hulizunguka basi, akigusa kila gurudumu kwa kiganja kupima joto.

Hongereni sana, wazee wetu wa usukani. Usiku, wazazi langoni huitambua honi yenu toka mbali.