Sifa za Beki

Msafiri wa barabara ya Mombasa akifika Makindu, huku Makueni, huweza kuingia hekalu la Masingasinga, akafunga kitambaa kichwani, akala chapati na dengu bila kulipa senti. Hekalu lilijengwa 1926 na watu wa reli. Vizazi vilivyofuata vya jamii hiyo, pamoja na Wagoa, ndivyo vilivyoipa Kenya timu yake ya hoki. Nasi Wakamba, tunaosifika kwa kuchonga mti, tungepaswa kumwelewa upesi Avtar Singh Sohal, maarufu Tari, mtu aliyejipatia jina kwa kipande cha mti.

Alizaliwa Nairobi 1938. Alicheza Olimpiki nne mfululizo, Roma 1960 hadi Munich 1972, na mechi zake 167 za kimataifa zikaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Alikuwa beki.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana jukwaani. Gongo lina upande mmoja tu wa kupigia, ule bapa, na mguu hauruhusiwi kugusa mpira. Beki wa kandanda akizidiwa hujirusha mwili mzima. Beki wa hoki hana ila ubao wa vidole vitatu. Tena enzi hizo walicheza nyasini (zulia la plastiki liliingia Olimpiki 1976), mpira ukigonga kishimo unaruka usoni. Auzime kwanza, ainue macho, ndipo atoe pasi. Mwenye pupa hupitwa. Beki hodari hamvamii mshambuliaji: hurudi nyuma taratibu, gongo chini, akimbana kuelekea pembeni, mpaka yule auachie mpira utangulie hatua moja. Hapo ndipo anapouchukua.

Tokyo 1964 Kenya ilimaliza ya sita, lakini tunaikumbuka shaba ya mkimbiaji Wilson Kiprugut, na ni haki yake. Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, tulikuwa wa nne: Uhispania 1-0 katika nusu fainali, kisha India 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Wengine husoma hapo vipigo viwili. Mimi nasoma mabao matatu tu yaliyopita, mbele ya mataifa yaliyozaliwa na gongo mkononi.

Baadaye Tari aliifundisha timu ya taifa. Wanaume wa Kenya walicheza hoki ya Olimpiki mara ya mwisho Seoul, 1988. Zulia lile la plastiki ni ghali, na shule ya Kitui au Wote ikitaka mchezo huu italazimika kuanzia kwenye udongo mwekundu.