Juu ya Mtunza Hazina wa Korea

Jina la Jeon Hyeong-pil halijulikani sana kwetu. Alizaliwa Seoul mwaka 1906, miaka minne kabla ya Wajaponi kuitwaa Korea kuwa koloni lao. Alirithi mashamba mengi akiwa bado kijana, akaitumia mali hiyo kununua vitu vya kale vya taifa lake: mitungi, picha, sanamu, vitabu. Wakorea humwita Kansong, nao wanamsifu sana. Sisi vilevile twamsifu. Lakini twaona ya kuwa mara nyingi anasifiwa kwa jambo lililo dogo, na lile kubwa linaachwa nyuma.

Lile dogo ni bei. Karibu kila anayesimulia habari zake huanza na mtungi wa korongo elfu, kazi ya mafundi wa zamani za Goryeo, ambao Jeon aliununua mwaka 1935 kwa mfanya biashara Mjaponi. Alitoa won 20,000. Wanasema feza hiyo ilitosha kununua nyumba 20 mjini. Korongo hao hawafiki hata mia moja, lakini tuseme kweli: ni kazi ya ajabu. Walio ndani ya viduara huruka kwenda juu, walio nje huruka kwenda chini, na katikati yao ni mawingu madogo. Hata hivyo mtungi huo ungebaki mzuri vilevile katika nyumba ya tajiri wa Osaka. Wakorea wangepotewa na mali. Hawangepotewa na akili zao.

Kitabu ni jambo lingine. Mfalme Sejong alikuwa ametunga herufi 28 ili raia wasiojua maandiko ya Kichina waweze kusoma, na mwaka 1446 kikatoka kitabu cha kuzieleza. Kisha kitabu hicho kikapotea, hata wenye elimu wakabuni tu: wengine walisema herufi zimetoka kwa Wamongoli, wengine kwamba zimeigwa mbao za madirisha. Mwaka 1940 nakala moja ilionekana upande wa Andong. Yasimuliwa kwamba mwenyewe aliomba won 1,000, na Jeon akampa 10,000, kwa kuwa aliona ni aibu kununua kitu cha namna hiyo kwa bei ndogo.

Ndani yake mlikuwa na nini? Sababu za kila herufi. Herufi ya k yaonyesha mzizi wa ulimi unaoziba koo. Ya m ni umbo la kinywa. Ya s ni umbo la jino. Katekista aliyewahi kufundisha watoto kusoma ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Na tuangalie wakati wenyewe. Mwaka 1938 Kikorea kilikuwa kimeondolewa katika masomo ya lazima. Mwaka 1942 wenye elimu wa Chama cha Lugha ya Kikorea walikamatwa, na wawili kati yao walifia gerezani. Jeon alikificha kitabu chake na kunyamaza. Ukoloni ulikwisha mwaka 1945, na mwaka 1946 chama kile kile kikatoa chapa ya kitabu hicho kwa ajili ya watu wote. Kwetu sisi, hapo ndipo kazi ya Jeon ilipotimia, wala si siku ya kulipa.

Je, vitu vingine? Nyumba ya hazina aliyoijenga Seoul mwaka 1938 ilikaa miaka mingi bila kufunguliwa kwa watu. Yeye alifariki mwaka 1962. Maonyesho ya kawaida yalianza mwaka 1971, nayo yalikuwa majuma machache tu kila mwaka. Wakati wa mkoloni kufunga mlango kulikuwa busara. Baadaye twaona vigumu kukusifu. Tena hazina iliyo mikononi mwa jamaa moja hufuata bahati ya jamaa ile: mwaka 2020 warithi, wakiwa na shida ya feza, walipeleka sanamu mbili za Kibudha mnadani. Hakuna aliyezinunua siku ile; kisha zikanunuliwa na nyumba ya hazina ya taifa. Mwezi wa Septemba 2024 nyumba ya pili ya Kansong ilifunguliwa Daegu, na kitabu cha herufi kikapelekwa huko kuonyeshwa.