Msomaji wa Uboho

Mtoto huzaliwa taya lake la chini likiwa limejaa uboho mwekundu, ule unaotengeneza damu. Miaka inapopita, uboho huo hupunguza kazi taratibu na kugeuka wa manjano, wenye mafuta mengi. Mageuzi huanzia mbele, kidevuni, yakasogea nyuma penye magego, yakapanda pembeni mwa taya, na mwisho hufika kwenye kile kichwa cha mfupa kinachocheza mbele ya sikio. Mwenye taya hahisi lolote.

Anayeyaona mageuzi hayo ni daktari wa radiolojia, na ndiye ninayemsifu hapa. Mbele yake ipo picha ya MRI. Katika picha za aina ya T1, mafuta hung'aa na uboho mwekundu hufifia. Asiyejua ataliona doa la kijivu na kudhani ni ugonjwa. Yeye, kabla ya doa, hutazama umri. Kijivu karibu na sikio la mtoto wa miaka 8 ni afya. Kijivu hichohicho kidevuni mwa mzee wa miaka 70 ni swali. Kisha hulinganisha na msuli wa kutafunia ulio kando, kwa kuwa uboho wa mtu mzima kwa kawaida hung'aa kuliko msuli. Ukififia kuliko msuli, hushtuka. Hulinganisha pia kulia na kushoto: uzee hupita pande zote mbili, uvimbe mara nyingi hushika upande mmoja. Mara nyingi, si daima. Mwaka 1957, Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya yote, kulia na kushoto, na hapo ikaanza safari ya kuitambua saratani inayoitwa kwa jina lake.

Ugonjwa wa damu wa selimundu nao huvuruga hesabu hii ya umri. Mwili unapodai damu zaidi, uboho wa manjano hurudi kuwa mwekundu, na taya la mtu mzima likafanana na la mtoto.

Ninachokipenda zaidi ni ule mstari mfupi katika ripoti: mabadiliko ya kawaida ya umri. Haumletei daktari sifa yoyote, lakini humwepusha mtu na kutobolewa mfupa bure, na humrudishia usingizi.

Basi ukipelekwa kupiga picha ya taya, taja umri wako sawasawa, na useme kama una selimundu au upungufu wa damu. Huenda usimwone kamwe atakayeisoma picha hiyo, lakini maneno hayo anayahitaji kabla hajaandika lolote.