Bahari Haikupanda Himalaya

Bila shaka umeshaiona picha hii, au nyingine inayofanana nayo: kisukuku kiganjani, kimejikunja kama pembe ya kondoo, na chini yake maneno machache tu, "Kiumbe wa bahari, kapatikana juu ya Himalaya!" Halafu watu wanamalizia wenyewe: kumbe maji yaliwahi kufunika milima ile. Picha inavutia kweli, ila inatupoteza.

Kiumbe huyo ni amonaiti, ndugu wa mbali wa pweza na ngisi. Amonaiti wengi wa Himalaya wanatoka kwenye mwamba wa mashapo uitwao Spiti Shale, kwa jina la bonde la Spiti, kaskazini mwa India. Ni tope jeusi lililotua chini ya bahari ya Tethys, sehemu kubwa mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki, takriban miaka milioni 150 iliyopita, kisha likagandamana kuwa jiwe.

Sasa hebu tupige hesabu. Bamba la India liligongana na Asia takriban miaka milioni 50 iliyopita, na mgongano huo ndio ulioinua Himalaya. Yaani tope lile lilitangulia mlima kwa karibu miaka milioni 100! Maji yangefunika mlima gani?

Ushahidi uko kwenye mwamba wenyewe. Kama yangekuwa mafuriko, tope lingetanda juu ya miteremko. Lakini ukienda Spiti utakuta matabaka yenyewe yamekunjwa na kuinuliwa, na ndiyo yanayojenga mlima. Sakafu ya bahari ndiyo iliyopanda, leo iko zaidi ya mita 4,000 juu.

Picha ya kiganjani imeyaacha yote hayo nje. Kisukuku kisichojulikana kimetoka tabaka gani kinakubali hadithi yoyote, na hata wasomi hunaswa. Mwaka 1989 John Talent aliandika kwenye jarida la Nature kwamba visukuku kadhaa vilivyotangazwa kuwa vya Himalaya vilifanana mno na vya Morocco na New York. Vilikuwa vimeshaingia kwenye makala za kisayansi kwa miaka mingi, vikivuruga historia ya milima ile.

Kwa hiyo rafiki, ukikutana tena na picha hiyo, usiishie kuuliza huyu ni mnyama gani. Uliza alitolewa kwenye mwamba upi, tabaka lipi, na mwamba huo una umri gani. Kama aliyeirusha hana jibu, hajakueleza chochote kuhusu Himalaya.